Isale Nililolipokea Bila Kujua Kosa

Jumamosi moja asubuhi nilifungua mlango, nikamkuta Eliona amesimama na jani la isale mkononi.

Nilishtuka. Wamachame wenzangu mnaelewa. Kwa wasiojua, huku kwetu mtu aliyekukosea akija na isale huna ujanja. Unapokea. Ukishapokea umesamehe, kesi imekwisha.

"Eliona, mdogo wangu, umenikosea nini?"

"Pokea kwanza, dada."

"Si useme?"

Mama mkwe wangu akadakia kutoka jikoni, "Mama Given, isale haliulizwi maswali! Pokea, uji unapoa."

Nikapokea.

Eliona akafuta machozi, akasema aliwahi kunisema darasani kwamba nimezeeka. Nikacheka. Tukashikana mikono, tukaomba.

Huyu nilikuwa nasoma naye jioni, mjini Moshi. Mimi ni mwalimu wa sekondari, nina miaka hamsini na moja, nasomea PhD ya uchumi wa utalii na mazingira. Mtaani wananiita daktari asiyechoma sindano. Sawa tu. Mlango huo niliuombea miaka mingi.

Wazo langu la utafiti lilikuwa hili: wageni wanalipa kuona maporomoko yetu, lakini wanaotunza vyanzo na mifereji ya maji hawapati hata asante. Nilitaka kupima thamani ya kazi yao. Nilizunguka Machame na Kibosho kwa miguu, nyumba kwa nyumba.

Yote nilimsimulia Eliona, maana tulikuwa tunaliombea pamoja. Utamfichaje anayekuombea?

Jumatatu tukaenda kutetea mawazo yetu mbele ya jopo la walimu. Eliona akatangulia.

Akaeleza wazo langu.

Maporomoko. Mifereji. Hata yule bibi niliyemkuta Kibosho, anayezibua mfereji kwa jembe huku watalii wanampiga picha.



Zamu yangu ilipofika, mwenyekiti akauliza, "Mama, mbona hiki tumeshakisikia?"

Nikafungua mdomo. Eliona akanong'ona nyuma yangu, "Dada, si ulishapokea?"

Nikanyamaza. Nitavunjaje isale, mimi mtu wa kanisani? Jopo likampitisha yeye. Mimi nikaambiwa nitafute mada nyingine.

Nilifika nyumbani nalia. "Mama, Eliona ameniibia kazi yangu!"

Mama mkwe aliendelea kumenya ndizi.

"Najua. Alikuja kwangu Ijumaa, anaogopa. Isale nilimkatia mimi, hapo kwenye uzio."

"Mama! Kwa nini?"

"Kila jioni uko barabarani. Nikasema ukikosa hicho kitu, utatulia nyumbani."

Jamani. Mwanamke huyu alikuwa ananiwekea mkono kichwani kila ninapotoka, ananiombea safari njema.

Nilipiga magoti nikamuuliza Mungu kama isale hilo limenifunga. Nikiwa palepale nikakumbuka maneno ya Eliona mwenyewe. Kosa alilolitaja ni kunisema. Wizi hakuutaja.

Nikanyanyuka, nikabeba mkoba.

"Unakwenda wapi tena?" mama mkwe akauliza.

"Darasani, mama. Shikamoo."



Nikamweleza mwenyekiti kila kitu, Eliona akiwepo. Nikamwambia, "Mdogo wangu, kunisema nimekusamehe kabisa. Hili lingine hujaniomba." Akainamisha kichwa.

Jopo limesema litatuita upya wote wawili. Sijui wataamua nini, nami naendelea kuomba.

Ndugu zangu, sameheni, tena kwa moyo mweupe. Ila mtu akikuomba msamaha, muulize kwanza kosa ni lipi, na umwache alitaje kwa mdomo wake.