Mwanasesere Mwenye Taa Tumboni

Mama Chiriku alikuwa fundi cherehani, na mdomo wake ulikata kuliko mkasi wake. Siku mwalimu wa chekechea alipomnyang'anya binti yake gari la kuchezea, eti wasichana wakae na wanasesere, mama mtu alifunga duka mchana kweupe, akaenda shuleni tepu ya kupimia ikiwa bado shingoni. "Mwalimu, gari halina kike wala kiume! Mwanangu atachezea anachotaka!" Mtaa mzima ulisikia. Waliokuwa mbali walisimuliwa, tena kwa chumvi nyingi.

Sasa huyo huyo, jamani, msikieni.

Binti alikuwa na miaka sita, na jina la Chiriku alilipata kwa haki: akifumbua macho tu anaongea, na usingizi humkuta habari haijaisha. Zamani maneno yote hayo yalikuwa ya mama yake. Kisha wifi mtu, yaani dada wa mume, akafungua kibanda cha kutengeneza feni na pasi, nyumba ya tatu kutoka pale, na Chiriku akahamia huko mwili na roho. Akitoka shule, begi analitupa mlangoni, "Shikamoo Mama," huyoo! Jioni anarudi na vidole vyeusi, na habari zote ni za shangazi. Shangazi kanipa bisibisi yangu mwenyewe. Shangazi kasema nina mkono mwepesi. Shangazi anacheka hivi.

Mama Chiriku alitabasamu kwa meno tu. Ulikuwa wivu, tusiupake rangi. Mtu hakubeba mimba, hakukesha na homa ya mtoto, leo anakuja kuvuna tu! Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, alijisemea, akakanyaga cherehani kwa hasira hadi kola ya mteja ikaenda upande.

Akaamua kumrudisha mtoto wake. Siku mbili nzima alimshonea mwanasesere kwa vipande vya sare za shule: gauni la mifuko miwili, nywele za uzi mweusi zilizosukwa, macho ya vifungo. Chiriku alipopewa alipiga kelele za furaha, akamkumbatia mama, akamkumbatia mwanasesere, kisha akatoka mbio. "Nakwenda kumwonyesha shangazi!"

Aliporudi, mwanasesere alikuwa amepasuliwa tumbo na kufungwa tena kwa waya. Chiriku akambonyeza mgongoni, na tumboni ikawaka taa ndogo ya kijani. "Mama, ona, anawaka! Tumemfanyia operesheni, mimi na shangazi!"

Hapo kwenye "mimi na shangazi" ndipo mama alipoishiwa subira.

"Nani kakwambia msichana anachezea nyaya? Hiyo michezo ya wavulana! Kwa shangazi yako leo mwisho. Utakaa hapa na mwanasesere wako kama wasichana wenzako!"

Baba Chiriku, aliyekuwa akimenya viazi, akainua kichwa. "Mke wangu, hayo si maneno ya yule mwalimu?"

"Wewe menya viazi!"

Maneno hayo hakuyaamini hata Mama Chiriku mwenyewe. Aliyaokota kwa sababu yalikuwa karibu na mkono. Kusema "naona wivu" mbele ya mtoto wa miaka sita kulimshinda.

Siku tatu Chiriku alikaa chini ya meza ya kukatia vitambaa. Mama alikuwa amepata alichokitaka, mtoto ubavuni mwake. Ila mtoto mwenyewe kanyamaza.

"Leo shule vipi?"

"Nzuri."

"Mlicheza nini?"

"Michezo ya wasichana."

Wifi alipita mara moja, akasimama mlangoni. "Wifi yangu, binti yetu mzima? Nimemwekea feni mbovu."

"Ana shughuli," Mama Chiriku akajibu bila kuinua macho. Hilo "yetu" nalo lilimchoma. Wifi akaondoka.

Siku ya nne alikuja mteja kupimwa gauni, kaja na mwanawe wa kiume wa miaka minne. Yule mtoto akamwona mwanasesere, akamchukua taratibu, akaanza kumbembeleza begani. Chiriku akamrukia, akampokonya. "Lete! Wavulana hawachezi na wanasesere. Mama kasema!"

Mtoto wa watu akaangua kilio. Mteja akamgeukia fundi, na fundi akatamani ardhi ipasuke. Mwiba wa kujichoma hauambiwi pole.

Mteja alipoondoka, Mama Chiriku alipiga magoti, akamfuata mtoto chini ya meza na mwili wake wote, kwenye vumbi na nyuzi.

"Chiriku, mama alikudanganya. Hakuna michezo ya wavulana wala ya wasichana. Niliona wivu."

"Wivu wa nini?"

"Wa shangazi yako. Kila siku uko naye. Nilitaka ukae na mimi."

Mtoto alimkodolea macho. "Sasa si ungesema tu, Mama? Ningekaa."

Mama Chiriku akainamisha kichwa. Machozi yakamtoka.

"Usilie. Basi leo nakaa na wewe," alisema Chiriku, akamsogelea. "Ile feni nitaitengeneza kesho."

Mama alikuwa kapewa, kwa hiari kabisa, kitu alichokililia miezi yote hiyo. Alimshika mkono mtoto, ule mkono mwepesi, akaushika muda mrefu kidogo kuliko ilivyohitajika.

"Nenda leo," akasema. "Shangazi anakungoja."

Chiriku alichomoka chini ya meza bila hata kuaga, na maneno yalianza kumtoka kabla hajafika mlangoni. Mama yake alibaki palepale chini, wivu bado unamuuma, akijifuta uso kwa kipande cha sare.