Ziwa Nyuma ya Mama

Nilipomwambia mama nataka kwenda Bukavu kuangalia tu, hakucheka. Wengine wote walicheka. Mama alikuwa kitandani, katika nyumba ya mbao tuliyojenga mtaa wa Majengo, hapa Goma, juu ya mawe ya volkano, miguu imevimba hata mlangoni hafiki.

"Mwenda bure si mukaa bure," alisema. "Nenda. Ukifika kwenye kanisa langu, panda mpaka mulangoni, unitazamie kama ziwa linaonekana bado ao wamelizibia na manyumba."

Kanisa lake ni lile alilofungia ndoa, juu ya kilima, katika mji aliozaliwa. Baba alikuwa karani. Baada ya ndoa alihamishiwa Goma, mama akamfuata, na hakurudi tena. Mimi kanisa hilo nililijua kwa picha. Baba na suti nyeusi, mama na kitambaa cheupe kichwani, nyuma yao ngazi zinashuka, na nyuma ya ngazi ziwa. Ole wako uiguse picha ile na mikono yenye mafuta. Baba alipokufa, mama aliitoa ukutani akaiweka katika sanduku, chini ya nguo zake za misa.

Picha hiyo iliungua, na iliungua kwa sababu yangu.

Miguu yangu ilikufa kwa polio nikiwa sijajifunza vizuri kukimbia. Mpaka miaka kumi na nne nilitambaa, nimevaa kandambili mikononi, nikiangalia magoti ya watu. Halafu masista wakanipa trisikle, ile baiskeli ya matairi matatu unayozungusha kwa mikono. Siku ile ile mama alichukua zile kandambili zangu, akaenda nazo nyuma ya nyumba, akazitupa katika choo. "Imeisha," alisema. "Mutoto wangu hatatambaa tena mbele ya mutu." Nami niliapa hivyo hivyo.

Volkano ilipotoka tulikuwa tunakaa mtaa wa Mapendo. Mama alifunga sanduku nyuma ya kiti changu, tukaingia barabara ya mpaka pamoja na mji mzima, watu na magodoro, watu na mbuzi, na muzee mmoja amebeba mlango wa nyumba yake. Mimi nazungusha, mama anasukuma. Joto tulilisikia shingoni. Penye mawe tairi likakwama, likakataa kabisa. Mama aliangalia sanduku, akaniangalia mimi, akakata kamba. Sanduku likaanguka, tukaenda. Hakusema neno, wala siku zilizofuata hakusema, na huko kunyamaza kwake kulinitesa muda mrefu.

Kesho yake, tukiwa ng'ambo ya mpaka, tuliona moto ukiingia ziwani. Maji yalipiga kelele. Mvuke ulipanda mpaka jua likawa kama sahani ya bati. Sina nyumba, sijala, nimevaa gauni la kuazima, na mdomo wangu mimi ukasema, "Mungu wangu, ni muzuri!" Mama alinipiga kofi la mgongo. "Nyumba yetu inaungua, wewe unasifu!" Lakini na yeye hakuondoa macho. Macho hayana pazia.

Basi, safari. Zilikuwa bado siku za waasi; barabara watu waliiogopa, kila kitu kilipita ziwani. Kwenye bandari ya Goma askari aliuliza sababu ya safari.

"Kuangalia Bukavu."

"Unapeleka nini?"

"Sipeleki kitu."

Hapo niseme ukweli: hakuwa mjinga. Kwetu mtu wa trisikle ni mbebaji. Pale mpakani tunapita na unga, sabuni, nyanya, mizigo inapanda mpaka huoni mtu, unaona kichwa tu. Mimi mwenyewe nilikula hapo miaka mingi. Askari aliangalia chini ya kiti, akaangalia nyuma, hakuona hata ndizi. Alikasirika kana kwamba nimemdanganya. Karani wa boti naye, kwa kuwa trisikle haikai kwenye benchi, alituandika sote wawili, mimi nayo, kwenye karatasi ya mizigo, baada ya magunia ya maharagwe.

"Papa, mimi niko mutu," nilimwambia.

"Ndiyo, mama. Lakini uko na matairi."

Walinifunga mbele, karibu na majogoo. Nilitukana kimoyomoyo mpaka boti lilipotoka. Halafu niligeuza kichwa nikaiona Goma, na hasira ikanitoka. Sikujua kama mji wetu ni mdogo hivyo. Sikujua kama mlima ni mkubwa hivyo, unafuka moshi polepole kama muzee na kiko chake, na sisi tumejibanza chini ya miguu yake, tunapika, tunaoa, tunagombania mipaka ya viwanja. Na tunalala pale! Tuko wajinga ao tuko mashujaa, mpaka leo sijui.

Bukavu tulifika mchana. Nimezoea mawe meusi. Macho yangu hayakujua yashike wapi. Kijani kila mahali, na nyumba zimepandana juu ya milima hivi kwamba mtu akimwaga maji anamwagia jirani kwenye paa. Nikabaki mdomo wazi pale bandarini. Nilipogutuka nilisikia kiti kinalala nyuma. Mama mmoja mchuuzi alikuwa amekwisha kunipakia katoni tatu za sabuni, na ya nne iko mikononi.

"We mama! Nani amekuambia ninabeba?"

"Sasa kama haubebi, umekuja kufanya nini?"

"Kuangalia!"

"Kuangalia nini?"

"Mulima wako! Nyumba yako! Hata wewe!"

Watu walicheka mpaka mbebaji mmoja, muzee mwenye mvi, akakaa chini juu ya gunia lake. Nikamwona huyo ndiye anayefaa. Nikamwomba anisukume mpaka kanisani, maana mlima ule mikono yangu peke yake isingeuweza. Njiani aliniuliza mara tatu kama kweli sina mzigo huko juu wa kuteremsha. Halafu akaanza kunionyesha: pale shule, pale soko, pale alipozaliwa mke wake. Alihema kama mvukuto, lakini alionyesha.

Tukafika. Ngazi. Kwenye picha ya mama zilionekana chache, kwa sababu picha huchukua kipande tu. Nilizihesabu kutoka chini: ishirini na sita.

"Panda mugongoni, dada, nikupeleke," alisema muzee. Alisema kwa wema.

Mimi nilikuwa nimeandikwa na maharagwe. Nilikuwa nimepakiwa sabuni. Nikamwambia, "Papa, aksanti. Leo sibebwi na sibebi." Halafu nikakaa pale, kama mtu aliyefunga mdomo wa shimo akiwa bado ndani. Kubebwa sitaki, kutambaa niliapa. Na kurudi nimwambie mama nini? Kwamba niliona ziwa lake kutoka chini, katikati ya migongo ya nyumba?

Mbele ya kanisa walikuwepo wamama wa kwaya na watoto wa katekisimu. Wote wanaangalia. Nilisikia haya, haya kabisa, ya kichwa kuwasha. Nikashuka kwenye trisikle. Yule muzee aliangalia mikono yangu juu ya saruji, akavua kandambili zake, akaziweka mbele yangu, akabaki pekupeku.

Nilizivaa mikononi, nikapanda. Sikugeuka hata mara moja. Niliona saruji, kisha saruji, na mchwa. Kwenye ngazi ya kumi na tano goti lilichanika. Kwenye ya ishirini nililia, si kwa maumivu. Nilikuwa na miaka zaidi ya thelathini, na mwili haukuwa umesahau kitu. Nilipogusa mlango wa kanisa niliuegemeza mgongo, ndiyo nikageuka.

Yesu Maria! Ziwa lilikuwa pale lote. Nchi ilikuwa imetia vidole majini, kimoja kimoja, kama mama anavyopima maji ya kuogesha mtoto. Mbele yake maji, mbele ya maji visiwa, na mbele ya visiwa maji tena mpaka yakawa mbingu. Kwetu, mwisho wa maji hayo hayo, nililiona ziwa likimeza moto. Hapa lilikuwa linameremeta kana kwamba halijawahi kusikia habari hiyo. Nilikaa mpaka kengele ikapigwa. Muzee alikuwa amepanda, amekaa ngazi ya chini yangu, na yeye anaangalia. "Miaka yote napita hapa na mizigo," alisema, "sijawahi kugeuka."

Nilirudi Goma nimevaa kitenge kirefu kuficha magoti. Nilimwambia mama: linaonekana, lote, hawakulizibia. Alifumba macho akitabasamu. Mimi nikasema lile lililonikaa kooni tangu siku ya volkano, "Nisamehe ile picha, mama. Ungeacha mimi, ungeokoa sanduku."

"Sema tena upuuzi huo nikupige," alisema. Alikuwa na hasira kweli. Halafu akacheka kidogo. "Unajua, mimi lile ziwa sijaliona pale. Siku ya ndoa nilipanda naangalia viatu, viliazimwa, naogopa kuanguka. Tukafika juu, mupiga picha akasema musigeuke. Sikugeuka. Nikashuka naangalia viatu tena. Ziwa nililikuta ndani ya picha."

Akachukua mkono wangu, akaugeuza, akapitisha kidole kwenye kiganja, pale kandambili zilipoichubua ngozi. Nilitaka kuuvuta, hakuniachia.

"Kwetu sisi ni wewe tu umeliona," alisema. "Basi niambie polepole. Usianzie mulangoni. Anza ngazi ya kwanza."