Mshipa wa Mguuni Uliookoa Mkono

Siku yangu ya kwanza thieta, yaani chumba cha upasuaji, sikushika kisu wala mkasi. Metroni, mtawa mrefu aliyetembea bila kusikika, alinipa trei ya nyuzi akasema nizijue kwanza. Mimi binti wa wakulima wa Murukulazo, nimetoka chuoni juzi, nilidhani uzi ni uzi tu. Kumbe upo uliotengenezwa kwa utumbo wa kondoo, ambao mwili huuyeyusha wenyewe, na upo wa plastiki unaokaa maisha.

“Wa kuyeyuka usimpe daktari anaposhona mshipa wa damu,” aliniambia. “Utakwisha kabla mshipa haujashikana.”

Nilikuwa na miaka mitatu katika hospitali hiyo ya misheni wilayani Ngara wakimbizi walipovuka mpaka. Vitanda viliisha, tukatandika mikeka barazani. Akaletwa Daktari Bingwa mgeni, mtu wa maneno machache na makali, nami nikawa muuguzi wake wa thieta. Nilikuwa pia mkalimani wake, maana Kihangaza chetu na Kirundi chao wakimbizi husikilizana.

Asubuhi moja aliletwa mama mkimbizi aitwaye Spesioza. Walikuwa wakikata kuni, panga la mwenzake likateleza likampata ndani ya kiwiko. Ateri, yaani mshipa unaopeleka damu kutoka moyoni, ilikuwa imekatika vibaya, kipande kizima kimeharibika. Vidole vilikuwa vimeanza kupoa. Daktari alinituma nimweleze kwamba kuna njia mbili: kuukata mkono, au kuazima mshipa wa mguuni na kuuunga pale palipoharibika. Spesioza aliuliza kama mguu ungemlaumu. Nikamwambia mguuni mishipa ipo mingi. Akasema basi tuazime.

Hapa niwaeleze vijana jambo moja. Mshipa wa mguuni una vilango vidogo ndani, vinavyoiruhusu damu kupanda kuelekea moyoni na kuizuia kurudi. Ukitumiwa kama ateri ya mkono lazima ugeuzwe, ncha ya kifundoni mwa mguu ielekee begani. Ukiwekwa vinginevyo vilango hujifunga, damu haifiki vidoleni. Kazi yangu ilikuwa kufunga uzi mweusi kwenye ncha ya kifundoni ili isipotee.

Niliufunga. Lakini nilipokuwa naukosha mshipa katika bakuli la maji ya chumvi, uzi ulichomoka. Nikabaki na kijibomba laini chenye ncha mbili zilizofanana kama mapacha. Daktari alinyoosha mkono bila kuinua macho.

Ningeweza kukisia. Wiki ile ile alikuwa amemtoa mwenzangu thieta kwa kosa dogo kuliko hilo, na mimi kazi hiyo niliipenda. Nikamtazama Spesioza aliyelala usingizi wa dawa, kiganja chake kimepauka.

“Daktari, ncha ya kifundoni siijui,” nilisema. “Uzi umetoka mikononi mwangu.”

Nikasubiri anifukuze. Kisha akaomba bomba la sindano, akasukuma maji ya chumvi upande mmoja. Yakagoma. Akageuza, yakapita bila shida: hiyo ndiyo ncha ya kifundoni. “Sasa tunajua wote wawili,” alisema, akaanza kushona.

Alipofungua vibanio vilivyozuia damu, kiganja kilirudiwa na rangi taratibu, kuanzia kifundo cha mkono hadi kuchani. Metroni alijifuta macho kwa bega. Baadaye, wakati wa chai, Daktari aliniambia kwamba kama ningekisia vibaya, kesho yake tungeukata ule mkono. Hakuongeza neno, na sikutolewa thieta. Spesioza aliruhusiwa siku alipoweza mwenyewe kukamua nguo za mwanawe.

Baadaye nilihamishiwa Biharamulo, nikawa msimamizi wa thieta mpaka nilipostaafu. Katika semina yangu ya mwisho, daktari wa moyo alituonyesha picha za vijibomba na viraka vya nyuzinyuzi vya kurekebishia mishipa. Chembechembe za mwili huvifuata na kujenga mshipa mpya juu yake, na kadiri unavyokomaa, zile nyuzinyuzi huyeyuka. Alisema bado wanavichunguza, ila kwa mtoto vinatia matumaini, kwa sababu mshipa wake mwenyewe utakua pamoja naye.

Sikutarajia kukutana na jambo hilo mtaani. Jirani yangu Bi Zuhura, mwenye duka la vitenge mjini, alirudi na mjukuu wake kutoka hospitali kubwa, ambako madaktari wageni walimwekea kiraka cha namna hiyo kwenye mshipa mkubwa utokao moyoni. Alikuja kwangu na wasiwasi. Kwanza alitaka kujua kama kimetokana na mnyama, na mnyama gani. Nikasoma karatasi zake, nikamwambia ni nyuzi za kiwandani zinazoyeyuka taratibu. Akatulia kidogo, kisha akauliza tena.

“Na siku hizo nyuzi zikiisha, dada, kifuani mwake mtabaki nini?”

“Mshipa wake,” nilimjibu. “Alioujenga mwenyewe.”

Bi Zuhura alikunja zile karatasi, akaniomba maji ya kunywa, akayamaliza yote.