Zikiri ya Chatu

Chatu aliletwa nyumbani kwetu Ibra, huku Omani, na mdogo wangu wa kiume, alipopata kazi Maskati na nyumba ya kupanga isiyotaka wanyama. Akaniachia mie, ati ndimi dada mtu. Alikuwa jike, mfupi, wa aina ile ijikunjayo duara ikiogopa, na rangi yake sijapata kuiona: dhahabu iliyochorwa michirizi myeusi myembamba, ndiyo maana wafugaji wakaiita buibui. Nilimweka sebuleni ndani ya sanduku la kioo, ubavuni mwa kiti cha Mama, kwa sababu hapakuwa na pahala pengine penye plagi. Mama alisoma Ayatul Kursi siku tatu mfululizo, kisha akamzoea.

Kichwa cha chatu kilikuwa kikicheza. Kikiinuka kinakwenda kushoto, kinakwenda kulia, taratibu, na mara nyengine kinapinduka kabisa, akawa anatazama dari. Mama naye ana ada yake baada ya alasiri: hukaa na tasbihi, akaimba kwa sauti ya chini kasida alizozisikia kwao Malindi, Unguja, alipokuwa mtoto. Siku moja akaniita kutoka jikoni.

"Njoo uone, mwanangu. Huyu anapiga zikiri."

Nilicheka, na nilikuwa na jibu mdomoni. Lakini uso wake ulikuwa umelainika kwa namna ambayo sikuiona tangu tulipomzika dada yangu, aliyeondoka na miaka kumi na tisa kwa seli mundu, akilia mifupa. Nikalimeza jibu langu, nikarudi kwenye sufuria.

Habari zikafika soko la wanawake la Jumatano, na huko hazikai. Wakaanza kuja mashoga zake, bibi watatu wa Unguja na mmoja wa Pemba, na kahawa zao na mikate ya kumimina. Mie hurudi kazini saa hizo nimechoka, najinyoosha juu ya takia. Pazia la manjano linaigeuza sebule yote rangi ya asali, kiyoyozi kinanguruma, udi umekwisha lakini harufu imebaki. Bibi wanne na Mama wanaimba, wanayumba, chatu anayumba nao. Nikiwa nusu usingizini nilikuwa siwezi kujua nani anamfuata nani. Wallahi nilikuwa na raha, na raha ile naionea haya mpaka leo.

Kwa sababu mie nilikuwa najua. Mdogo wangu alinambia siku ile ile ya kwanza kwamba rangi ile na mtikisiko ule ni urithi mmoja, hupati kimoja ukaacha chengine. Hasikii kasida, masikini. Ubongo wake haujui kujishika. Na tena mie kazi yangu ni maabara. Kila asubuhi nawatoa damu wachumba, nawaeleza watu nisiowajua nini watoto wao watarithi, nawaeleza bila ya kupepesa macho. Nyumbani nakunywa kahawa na kunyamaza.

Mama akaanza kutaka watoto wa chatu. Kila shoga alikwishaahidiwa wake. Bila ya kuniuliza akampata kijana mmoja wa mji wa Sur mwenye dume, wakakubaliana alilete Alhamisi.

Jumatano nikampa chatu chakula. Namshikia panya kwa koleo, panya aliyekufa, karibu na pua yake kabisa. Akaruka, akamkosa. Akaruka tena, akauma hewa. Mara ya tatu akaanguka kichalichali, akabaki vile vile, tumbo juu, kichwa kikijisokota na kutafuta juu ni wapi. Nikamgeuza kwa mikono yangu. Nikaona basi, khalas, nikaenda kukaa miguuni mwa Mama, nikamwambia yote.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Akauliza kama anaumwa. Nikamwambia sijui, lakini hajui juu wala chini. Akauliza watoto wake watakuwaje. Nikamwambia nusu yao, pengine zaidi, watatoka hivyo hivyo. Akanyoosha mkono akachukua simu, akamwambia yule kijana wa Sur asije, samahani kwa usumbufu, Mungu ambariki. Alisema kwa adabu zake zote, sauti haikutetereka.

Kisha akauliza mie nimejua tangu lini. Nikasema tangu siku aliyoletwa.

Akalitazama lile sanduku la kioo. Akanieleza jambo ambalo katika umri wangu wote hakupata kunieleza. Yeye na Baba ni watoto wa ndugu wawili, hilo nalijua. Nisilolijua ni kwamba bibi yetu mmoja, shangazi yao wote wawili, alikwishazika wanawe wawili kwa maumivu yale yale ya mifupa, na wazee walikuwa wakisema chini chini kwamba ni damu ya nyumba. Wazee walilijua hilo. Harusi ikapigwa, na hapana aliyewaambia yeye na Baba neno.

Nilitaka kujitetea. 

"Nilikuona umefurahi, Mama."

Akaiweka simu mapajani, akaikunja tasbihi ndani ya kiganja.

"Na sie walituona tumefurahi," akasema.