Gitaa Lililosubiri Umeme Utulie

Bibi harusi alikuwa ameshanyanyua mguu kuingia ukumbini pale Ndandalo, umeme ukakatika. Mpiga gitaa akashusha sauti, akachomoa waya ukutani.

“Wewe! Umeme ukirudi tutajuaje?” shangazi wa bibi harusi akamjia juu.

“Ukirudi kwa kishindo utaunguza kisanduku cha kukuzia sauti ya gitaa, shangazi. Kikiungua, leo hatutapiga tena.”

Shangazi akaguna, akaanzisha wimbo. Akina mama wakadakia, bibi harusi akaingia akicheza. Taa zikawaka, zikazimika, zikawaka tena. Zilipotulia, kijana wa gitaa akachomeka waya.

“Ndaga, mwanangu,” shangazi akashukuru. “Sasa ngoja tumalize wimbo.”

Nilikuwa mwalikwa tu, na sijawahi kuona gitaa likitunzwa vile, kisha likaambiwa lisubiri.

Marehemu mke wangu angecheka sana. Asubuhi iliyofuata nilichomeka redio yake, iliyokaa kimya tangu msiba, nikaongeza sauti.