Udongo Alioosha Machage

Mwaka ule dhahabu ilipowapanda watu kichwani kule Genkuru, Nyamongo, Machage hakuona wa kumfundisha habari za udongo. Miaka tisa ndani ya maduara, yale mashimo ya wachimbaji wadogo, ilimfanya amdharau yeyote anayechimba kwa brashi. Kwa hiyo Dokta Eunice, mtafiti wa vyungu vya kale, alipomwajiri, aliitikia "sawa" kwa kila agizo, akafuata aliyoyapenda.

Agizo moja lilirudiwa mara tatu. Kila kigae cha chungu kikitoka chini, ajaze mfuko mmoja wa udongo uliokizunguka, na asiuchezee.

"Chungu kikifukiwa miaka mia tano hunywa vitu vya ardhini," Dokta alimwambia. "Bila udongo wake sitajua kipi kilitoka kwa mfinyanzi na kipi kimeingia baadaye."

Sasa, mchimbaji gani wa Nyamongo ataacha mifuko arobaini ya udongo impite mkononi? Machage aliibeba hadi mtoni, akaiosha yote kwa karai, unga laini ukaenda na maji. Mchanga uliobaki aliukausha, akaurudisha mifukoni. Dhahabu hakuona hata chembe.

Mwaka uliofuata Dokta alirudi na majibu ya maabara, akakusanya watu. Vigae vimejaa kemikali ya fosforasi, alieleza, lakini kwenye udongo wa mifuko ile imo kidogo mno. Basi haikutoka ardhini hapa. Yaelekea vyungu vilifinyangwa kwingine, vikaletwa.

Mbele alikaa Bibi Wegesa, mfinyanzi wa mwisho kijijini, aliyeachiwa kazi ile na mama yake na bibi yake.

"Kumbe si vyetu," alisema, akiangalia mikono yake.

Masikio ya Machage yaliwaka kwa aibu. Alisimama kabla hajajua atasema nini.

"Dokta, ule udongo niliuosha. Nilikuwa natafuta dhahabu."

Watu walicheka. Dokta hakucheka. Alikunja karatasi zake, akasema fosforasi hushika ule unga laini unaokwenda na maji, basi watachukua udongo upya, pembeni ya shimo lile lile.

Machage aliona aibu ya kwanza ilikuwa ndogo. Mwaka uliopita, wiki moja tu baada ya Dokta kuondoka, alikuwa amefungua duara pale pale, akiamini dhahabu iko chini zaidi. Pembeni yote ilikuwa imeliwa, na udongo wake ulishapita mtoni zamani.

Bibi Wegesa alimgeukia, uso umechangamka.

"Umefanya vizuri kusema, mwanangu. Mpeleke mgeni akachote."