Kura Moja ya Nyumba Nzima

Naikumbuka siku baba yangu alipokataliwa kuandikishwa kupiga kura, mwanangu. Mie nilikuwa nyuma yake kwenye foleni, hapa hapa Temeke, Mwingereza bado anatawala. Sheria yao ilitaka mpiga kura awe na darasa la nane, au kipato kikubwa, au cheo. Baba alikuwa kuli bandarini, leo kazi ipo, kesho haipo. Karani, mtu mweusi kama sie, akamwuliza amesoma wapi. Baba akasema amesoma chuoni, Kurani ameihitimu.

"Hiyo haihesabiki, mzee. Mpishe mwenzio."

Nyuma kuna waliocheka. Baba akapisha.

Mwenzio mwenyewe nilikuwa mie, na sekondari nimesoma. Lakini damu ilishachemka. Halafu karatasi yao ya kura ilikulazimisha umchague Mwafrika, Mhindi na Mzungu, wote watatu. Ukimchagua wako peke yake, kura imeharibika. Vijana tulikuwaga tunasema hayo ni matusi tu. Nikamshika baba mkono, nikamwambia twende zetu, hata mie siandikishwi.

Hakuniinulia sauti.

"Wewe unasusa, mie nimekatazwa. Usivichanganye. Nyumba nzima ile, mie, mama yako, shangazi zako, mwenye ruhusa ni wewe tu. Ukiondoka, karani atakushukuru."

Nikaandikishwa. Siku ya kura nikaweka alama zote tatu, ile ya Mzungu nikiwa nimeuma meno. Baba alinisindikiza, askari akamzuia mbali na mlango. Tukarudi kwa miguu. Karibu na nyumbani ndipo akaniuliza, "Kwani huko ndani kukoje?"

Alikufa kabla sheria ile haijafutwa. Hakupiga kura hata moja maishani mwake.

Mwanangu, najua una haraka ya ujana, hata mie nilikuwa nayo. Sheria ya kukunyima kura huja kwa upole, na kisharti kidogo, na mtu anayekwambia pisha. Ukisikia sharti jipya, uliza mapema nani litamwacha nje, na ulipinge kabla foleni haijapangwa. Na kama wewe umeruhusiwa, usisuse ukadhani umewakomoa.

Mungu akupe macho ya kuwaona walioachwa nje, na kifua cha kuwasemea. Amina.